KIJANA ALIYESOMA KWA VIDOLE

Ndugu kijana, karatasi hii imefika mkononi mwako. Usiikunje kwanza, wala usiifungie karanga. Ni ya dakika kumi tu. Nataka nikupe habari za mtu mmoja aliyekufa mwaka 1852, lakini mpaka leo kazi yake inaguswa kwa vidole kila siku, Ulaya, Asia, Marekani na hapa hapa kwetu Afrika.

Je, umeacha shule? Je, ulishindwa mtihani ukaambiwa kichwa chako ni kizito? Je, unakaa kijiweni tangu asubuhi ukisema mlango umefungwa? Au labda wewe mwenyewe huoni, na yupo mwenzako anayekusomea maneno haya? Basi tega sikio. Huyu ni mwenzako.

Jina lake ni Louis Braille. Wafaransa wenyewe hutamka Lui Brai.

AJALI YA DAKIKA MOJA

Louis alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, nchini Ufaransa. Kijiji hicho kiko mashariki ya mji wa Paris, umbali wa kilometa kama 40 hivi, yaani kama kutoka Dar es Salaam kwenda Kibaha. Alikuwa kitinda mimba katika watoto wanne. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa ngozi. Alitengeneza matandiko na hatamu za farasi. Haikuwa familia ya matajiri, lakini njaa hawakuijua, maana siku zile farasi ndiye alikuwa gari la kila mtu.

Mwaka 1812 Louis alikuwa na miaka mitatu. Mtoto wa miaka mitatu unamjua. Anachoona baba anafanya, na yeye anataka kufanya. Siku moja aliingia karakana ya baba yake, akashika kifaa chenye ncha kali, akaanza kuchezea ngozi. Kifaa kikateleza. Kikamchoma jicho.

Dakika moja tu! Mzazi amegeuka upande mmoja, na maisha ya mtoto yamegeuka upande mwingine.

Wakati ule hakukuwa na dawa za kuua vijidudu kama tulizo nazo sasa. Jicho lile likaoza. Ugonjwa ukahamia jicho la pili, ambalo halikuwa limeumia hata kidogo. Alipofika miaka mitano, Louis hakuona tena kitu chochote. Si mwanga, si uso wa mama yake. Giza.

Hebu fikiri ndugu yangu, mtoto kipofu wa zama zile alikuwa na njia gani? Wengi walikaa barabarani na kinyoosha mkono. Ndiyo maisha yalivyokuwa. Hata leo ziko nyumba ambazo mtoto asiyeona anafichwa chumba cha nyuma wageni wakija. Eti aibu. Eti mkosi. Eti karogwa.

WAZAZI WASIOFICHA MTOTO

Lakini Mungu si Athumani. Wazazi wa Louis hawakumficha. Baba alimchongea fimbo, akajifunza kutembea kijijini akiigonga chini na kuhesabu hatua. Alipewa na kazi ndogo ndogo za nyumbani kama watoto wenzake.

Kisha wakajitokeza watu wawili. Wa kwanza ni padri wa kijiji, Jacques Palluy, ambaye alianza kumfundisha mwenyewe. Wa pili ni mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret. Huyu akamkubali mtoto kipofu akae darasani pamoja na wenye macho. Hakuwa na kitabu cha kumpa. Hakuwa na kifaa chochote cha pekee. Alimpa nafasi ya kukaa tu!

Na Louis akafanyaje? Akasikiliza. Wenzake waliandika kwenye vibao vyao, yeye akaandika kichwani. Kumbe kile kichwa kilikuwa kikali. Akawa miongoni mwa wanafunzi bora wa shule ile.

Lakini kusikiliza kuna mwisho wake. Utakumbuka hadithi, utakumbuka hesabu, lakini huwezi kubeba vitabu vyote vya dunia kichwani. Na kila unachokijua ni mpaka mtu akusomee. Akichoka, basi. Akikataa, basi. Akikudanganya, utajuaje? Hilo ndilo lililomuuma Louis kuliko giza lenyewe.

VITABU VIKUBWA, MANENO MACHACHE

Mjini Paris ilikuwepo shule ya vijana wasioona. Ilianzishwa miaka ya 1780 na mtu mmoja mwenye macho aitwaye Valentin Haüy, na ilikuwa ya kwanza ya namna yake. Padri Palluy alizungumza na mkubwa mmoja wa pale kijijini, naye akasaidia nafasi ikapatikana. Tarehe 15 Februari 1819, Louis akiwa na miaka kumi, aliagana na mama yake akasafiri na baba yake kwenda Paris.

Usidhani alifika mahali pazuri. Jengo lilikuwa la zamani, lina unyevunyevu na baridi. Wanafunzi waliugua ugua. Lakini vitabu vilikuwepo, na hicho ndicho alichokifuata.

Lo! Vitabu vyenyewe! Haüy alikuwa amebuni njia ya kugandamiza herufi za kawaida kwenye karatasi nzito mpaka zikatokeza juu, ili mtoto azipapase. A ile ile unayoijua wewe, ila kubwa na imevimba. Ukurasa mzima ulibeba maneno machache. Vitabu vilikuwa vikubwa, vizito, vya gharama, na vichache mno. Kuvisoma ilikuwa kama kutembea kwenye tope. Unapapasa herufi moja, unaitambua, unakwenda ya pili, na ukifika mwisho wa sentensi mwanzo umeusahau.

Na kuandika? Hapo ndipo palikuwa na shida kubwa. Mtoto asiyeona hakuweza kuandika barua kwa mkono wake kisha akaisoma mwenyewe. Aliletewa maneno, hakuweza kutoa ya kwake.

Kwa nini? Kwa sababu njia ile ilibuniwa na mtu mwenye macho. Herufi zile zilitengenezwa kwa ajili ya jicho. Kidole hakioni kama jicho. Kidole kina lugha yake.

KAPTENI NA NUKTA KUMI NA MBILI

Mwaka 1821 alikuja shuleni kapteni mmoja wa zamani wa jeshi, jina lake Charles Barbier. Alikuwa amebuni maandishi yasiyo na herufi kabisa. Ni nukta tupu, zilizotobolewa kwenye karatasi nene zikatokeza upande wa pili. Wanafunzi wakazigusa. Mara moja wakafahamu kwamba kidole kinatambua nukta haraka kuliko kinavyotambua mistari iliyopinda.

Louis alikuwa na miaka 12. Alifurahi kweli kweli. Lakini hakuishia kufurahi, akaanza kupima. Akaona kasoro. Alama moja ya kapteni ilikuwa na nukta mpaka 12. Ni ndefu mno, kidole lazima kipande na kushuka ndipo kiielewe. Tena zilikuwa alama za sauti tu, hazikufuata tahajia. Hazikuwa na nukta ya mwisho wa sentensi, wala mkato, wala tarakimu, wala muziki.

Sasa hapa pana jambo la kujifunza, kijana. Wengi wetu tukiletewa kitu kizuri nusu, tunafanya moja kati ya mawili. Ama tunakipigia makofi tunakaa, ama tunakikejeli tunaondoka. Louis hakufanya hayo. Alichukua kilicho chema, akarekebisha kilichobaki.

NUKTA SITA

Kwa miaka mitatu mtoto yule alifanya kazi ile. Mchana alikuwa darasani kama wengine, na nafasi aliyoipata, usiku au likizoni kijijini, alishika kibao, karatasi na kijiti chake cha chuma, akatoboa, akapapasa, akafuta, akaanza tena. Ifikapo mwaka 1824, akiwa na miaka 15, njia yake ilikuwa imekamilika karibu yote.

Miaka 15! Wewe una mingapi?

Ni rahisi kiasi kwamba naweza kukueleza hapa hapa. Chukua nukta sita, uzipange kama mayai: safu mbili, kila safu nukta tatu kwenda chini. Zote zinaenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Kidole hakina haja ya kupanda wala kushuka.

Herufi A ni nukta moja ya juu kushoto. B ni nukta mbili, moja chini ya nyingine. C ni nukta mbili za juu, zimekaa ubavu kwa ubavu. Herufi kumi za kwanza, A mpaka J, zinatumia nukta nne za juu tu. Kisha angalia akili ya kijana huyu! Herufi kumi zinazofuata ni zile zile za kwanza, ila unaongeza nukta moja ya chini kushoto. A ukiiongezea inakuwa K. B inakuwa L. C inakuwa M. Ukiongeza na ya chini kulia, K inakuwa U na L inakuwa V. Herufi W, ambayo sisi Waswahili hatuwezi kuishi bila yake, Wafaransa wa wakati ule hawakuihitaji, kwa hiyo iliongezwa baadaye.

Nukta sita zinatoa alama 63. Zinatosha herufi, tarakimu, mkato, alama ya kuuliza, hata noti za muziki. Na mtu anaweza kuandika mwenyewe! Anatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha anageuza karatasi na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia.

Ona ajabu hii. Kitu chenye ncha kali ndicho kilichomtoa macho akiwa na miaka mitatu. Na kwa kitu chenye ncha akiwa na miaka 15, aliwafungulia vipofu wa dunia nzima mlango wa vitabu.

Mwaka 1828 shule ile ikamfanya mwalimu msaidizi. Mwaka 1829 akatoa kitabu cha kueleza njia yake. Mwaka 1833 akawa mwalimu kamili. Alifundisha sarufi, hesabu, jiografia na muziki. Alipiga kinanda kwa ustadi, na tangu mwaka 1834 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa moja kubwa la Paris. Mwaka 1837 alirekebisha njia yake ikawa nyepesi zaidi, na mwaka huo huo ukachapwa kitabu cha historia ya Ufaransa kwa nukta zake.

WENYE MACHO WAKAKATAA

Ungedhani watu walimbeba mabegani. Hapana! Walikataa.

Walikuwa na hoja yao. Walisema vipofu wakiwa na maandishi yao wenyewe watatengwa na watu wengine. Heri wapapase herufi zile zile za wenye macho. Ukiisikia inafanana na hekima. Lakini waliosema hivyo walikuwa wakisoma kwa macho yao mazuri. Hawakuwahi kupapasa kitabu kizito usiku kucha ili wapate ukurasa mmoja.

Mwaka 1840 mkuu wa shule aliyempenda Louis aliondolewa. Mkuu mpya, Pierre-Armand Dufau, akapiga marufuku nukta. Mwalimu aliyezibuni yumo shuleni humo humo, na kazi yake imekatazwa mbele yake!

Louis hakupigana ngumi, wala hakuondoka kwa hasira. Na wanafunzi je? Wakaendelea kwa siri. Waliandika vijibarua vya nukta, wakafundishana wao kwa wao. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole vya watoto wale vilikuwa vingi, na kitu ambacho vidole vimekwisha kukisoma huwezi kukifuta kwa amri.

Msaidizi wa mkuu, Joseph Guadet, akaona jambo hilo kwa macho yake, akamshauri mkubwa wake abadili mawazo. Mwaka 1844 shule ilizindua jengo jipya. Mbele ya wageni ilionyeshwa namna watoto wasioona wanavyoandika kwa nukta na wenzao wanavyosoma kwa vidole kile kilichoandikwa. Watu wakastaajabu. Marufuku ikafa.

SANDUKU LILILOFUNGWA

Lakini mwili wa Louis ulikuwa umechoka. Tangu alipokuwa na miaka kama 26 alishikwa na kifua kikuu. Dawa haikuwepo. Alifundisha akiweza, akapumzika akizidiwa, akaenda kijijini kupata hewa safi, akarudi tena.

Na bado hakukaa bure. Mwaka 1839 alitoa njia nyingine ya kumwezesha asiyeona kumwandikia barua mtu mwenye macho, kwa kuchora herufi za kawaida kwa nukta nukta. Kisha yeye na rafiki yake Pierre Foucault, naye hakuwa anaona, wakashirikiana mpaka ikapatikana mashine ya kuziandika upesi. Hivi ndivyo alivyowajibu waliosema nukta zitawatenga vipofu. Alijenga daraja la pili.

Louis alikuwa mtu wa sala tangu utoto. Aliomba, akaamini, na macho yake hayakurudi. Nalisema wazi, maana wapo wanaofikiri kwamba asiyefunguliwa macho hana imani. Huyu hakuona mpaka kaburini, na Mungu hakumwacha. Hakukaa kando ya njia kungoja macho ndipo aanze kuishi. Alianza na alichobakiwa nacho: vidole, masikio, kichwa.

Alifariki Paris tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Alizikwa kijijini kwao. Inasimuliwa kwamba aliacha kisanduku, akaagiza kichomwe moto bila kufunguliwa. Watu wake hawakujizuia, wakakifungua. Ndani wakakuta hati za madeni za wanafunzi aliowakopesha fedha. Mwalimu maskini alikuwa amewasamehe wote, wala hakutaka mtu ajue. Basi wakachoma karatasi zile.

MBEGU ILIYOOTA BAADAYE

Louis hakuwahi kuona matunda. Miaka miwili baada ya kifo chake, mwaka 1854, shule ile ikazikubali nukta rasmi. Mwaka 1878 mkutano wa nchi mbalimbali uliokaa Paris ukazichagua kuwa njia ya kufundishia wasioona. Mwaka 1952, miaka 100 tangu afe, Ufaransa ilifukua mwili wake na kuuzika upya Panthéon mjini Paris, pale wanapolazwa wakubwa wa taifa. Ila mikono yake ilibakishwa kijijini Coupvray. Mikono ile! Na tangu mwaka 2019, tarehe yake ya kuzaliwa, 4 Januari, ni siku ya maandishi haya duniani kwa uamuzi wa Umoja wa Mataifa.

Mama mmoja wa Marekani, Helen Keller, hakuona wala hakusikia tangu utoto. Kwa nukta hizi alisoma mpaka akapata shahada ya chuo kikuu mwaka 1904. Na huku kwetu, mwaka 1946 ilianzishwa shule ya wasioona Thika, Kenya. Tanzania ipo ya Buigiri, Dodoma. Watoto wetu wakasoma Kiswahili kwa nukta sita zile zile, ambazo sisi tunaziita nukta nundu. Ndani yao wametoka walimu, wanasheria na wachungaji.

Labda utasema siku hizi simu inasema yenyewe, nukta za nini? Ni kweli, simu inasaidia sana. Lakini kusikia si kusoma. Anayesikia tu hajui neno linaandikwaje, wala hawezi kukagua hesabu yake mstari kwa mstari. Ndiyo maana hata mashine za kisasa zinatengenezwa zenye vijipini vinavyopanda na kushuka, ili kidole kisome.

NA WEWE JE?

Kijana, nakuuliza kwa upendo.

Kama una macho mawili na daftari lako linaliwa na mende, unangoja nini? Mlango wa elimu ya watu wazima upo. Mlango wa ufundi upo. Anza na kitabu kimoja.

Kama nyumbani kwenu yupo mtoto asiyeona, usimwite mzigo. Usimfiche. Nenda kesho kwa mwalimu mkuu au ofisi ya elimu uulize shule inayofundisha nukta nundu. Bécheret hakuwa na kifaa, alitoa nafasi tu, na dunia ikapata Louis Braille.

Na kama wewe mwenyewe huoni, usikubali mtu akupangie mwisho wako. Watakuhurumia, watakupa shilingi, watakuambia kaa hapo. Wambie huna haja ya kukaa hapo. Waombe kitabu.

Giza lilimkuta Louis akiwa na miaka mitano. Halikumkuta amelala.

Ukimaliza kusoma usiitupe karatasi hii. Mpe mwenzako. Na kama yupo jirani asiyeona, keti naye, umsomee yote mpaka mwisho.